Nataka kununua vifaa vya ufundi vya nyumbani, nianze na nini? (pazia limeanguka mara ya pili)

Mpangaji Mstaafu

Wakuu habari za majukumu,

Nimehamia kwangu huku Chanika mwezi wa tatu, nyumba haijaisha ila tumeingia hivyo hivyo tunamalizia tukiwa humo humo ndani kama mnavyojua wenyewe. Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni kwamba ukishakuwa na kwako kila wiki kuna kakitu. Nilipokuwa napanga kitasa kikigoma nampigia mwenye nyumba, sasa hivi nikimpigia mwenye nyumba simu inaita mfukoni kwangu.

Mwezi huu peke yake bomba la jikoni linadondosha usiku kucha, mlango wa chooni umevimba haufungi, soketi ya sebuleni inacheza, na pazia la sebuleni limeanguka mara ya PILI, fimbo na kila kitu, mtoto alikuwa anaangalia katuni likamfunika lote (hakuumia, alicheka, mama yake ndio hakucheka). Fundi akija hata kwa kukaza skrubu moja ni elfu ishirini, na hapo umemngoja toka asubuhi katokea saa kumi jioni anakuuliza "bosi una ngazi?" Ngazi yangu, ekstensheni yangu, hata penseli ya kuchorea ukutani kaazima kwa mtoto wa darasa la pili.

Nikasema kama vifaa ni vyangu si bora na kazi nifanye mwenyewe. Jumamosi nikapita Kariakoo nikaona boksi la plastiki kama briefkesi, vipande 120 na drili humo humo, jamaa alianzia laki na thelathini nikamshusha mpaka 95. Nikamwambia narudi. Mfukoni nina laki mbili na haziongezeki.

Sasa wakuu nichukue lile boksi au ninunue kimoja kimoja, na kama ni kimoja kimoja naanza na nini, drili ipi, na grinda nayo ni lazima? Mi sio fundi, kazini nashika kompyuta, ila nyundo najua inashikwa upande gani.

Bwana Kijiko

Ita fundi mkuu. Mi nilijifanya mjuaji nikatoboa bomba la maji ndani ya ukuta wa bafu, ile elfu 20 niliyoikimbia ikawa laki na sabini pamoja na tailizi. Sina la kuongeza.

msumari_mweusi

Mtoa mada kabla ya boksi nijibu kitu kimoja. Fimbo ilivyoanguka, fisha (vile vidude vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) zilitoka na skrubu zake au zimebaki ukutani? Chukua bisibisi nyembamba au kijiti, ingiza kwenye tundu mpaka mwisho, weka alama na kucha, toa upime. Niambie limeingia sentimita ngapi. Nahisi tatizo lako nalijua ila sitaki kusema kabla.

Boksi achana nalo. Mi nafunga milango na madirisha ya alumini mwaka wa 14 sasa na haya maboksi nimeyakuta kwenye nyumba za wateja hayana hesabu, ukifungua kila kitu kipo na hakuna kinachofanya kazi. Ukihesabu hivyo vipande 120 utakuta themanini ni vincha vya bisibisi na soketi ndogo ndogo ambazo kwenye nyumba yako hamna nati ya kuzivaa. Chuma chenyewe ni laini, bisibisi ya nyota ikiteleza mara mbili tayari ncha imekuwa duara na kuanzia hapo inakula vichwa vya skrubu, ukishakula kichwa hiyo skrubu haitoki tena bila matusi. Na hapa niseme kitu watu wengi hawakijui, nyota zipo mbili. Kuna nyota ya kawaida na kuna ile ambayo kati ya mikono yake minne kuna vimistari vyembamba, kwenye bisibisi ya kwanza imeandikwa PH na ya pili PZ. Skrubu nyingi za kabati zile za rangi ya dhahabu ni PZ, we unaiwekea PH inaingia lakini haikai, unakandamiza inaruka, unasema skrubu mbaya. Skrubu haina kosa.

Kwa laki mbili anza na vitu vya kupimia kabla ya vya kupigia. Futi ya mita 5, pima maji ya sentimita 60, penseli yako mwenyewe umwachie mtoto ya kwake. Halafu tesita, plaizi, spana malaya ya inchi 10, nyundo ya kawaida yenye kung'olea misumari, bisibisi nne za ukweli (nyota mbili, flati mbili), msumeno wa chuma, kisu cha kukatia na tredi tepu (ule utepe wa kuzungushia nyuzi za bomba lisivuje). Humo unamaliza robo tatu ya hayo uliyoyaandika na drili hujagusa bado. Bisibisi nunua ambayo shina lake limepita mpaka ndani ya mpini na duka liwe lile ambalo mafundi wananunulia, utawajua kwa suruali.

Pima maji msiichukulie poa. Nyumba zetu hizi dari limeshuka upande mmoja, dirisha nalo limekaa lilivyokaa, sasa ukipima fimbo ya pazia kwa kushuka kutoka darini unapata pazia limeinama sawa na dari. Na kama unataka usawa kutoka ukuta huu mpaka ule wa mbali, mpira mwembamba unaoonyesha ndani mita kama kumi, unajaza maji unatoa mapovu yote, maji ya upande huu na upande ule yatakaa kimo kimoja tu, hamna mashine ya kukudanganya hapo. Babu zetu wa ujenzi walipimia hivyo magorofa.

Mama Wawili Kgb

Hujambo kaka, hongera kwa kuhamia kwako.

Mi nipo Kigamboni, baba watoto anafanya kazi mikoani anakuja mwisho wa mwezi kwa hiyo ufundi nimejifunza kwa lazima. Nakuongelea bomba na mlango, hayo ya drili nawaachia.

Bomba la jikoni angalia kwanza ni la aina gani. Kama unazungusha mara kadhaa ndio linafunga hilo lina washa ya mpira ndani, imelika. Washa ni hela ndogo sana hata nauli ya kuifuata ni kubwa kuliko yenyewe. Funga geti valvu ya nje, fungua bomba mpaka maji yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa (nirudie, ZIBA TUNDU LA SINKI, kale kaskrubu ka juu kakidondoka humo umekwisha), toa mkono wa bomba, halafu ndio spana malaya inaingia. Zungushia kitambaa kwenye bomba kabla hujabana usije ukachubua ile ngozi inayong'aa. Chomoa, badilisha washa, rudisha, dakika ishirini. Lakini kama bomba lako unageuza robo tu na linafunga hilo halina washa, lina katriji ya kauri, chomoa yote uende nayo dukani mkononi usiende na picha. Nilienda na picha mara mbili.

Mlango wa chooni usipige randa sasa hivi! Saa hizi masika mbao zimekunywa maji. Ukiupunguza leo ukatoshea vizuri, mwezi wa tisa mtu akiwa ndani mtaonana macho kwa macho. Kwanza kaza skrubu za bawaba, mara nyingi mlango haujavimba, umelegea bawaba ya juu ukashuka ukawa unakwaruza chini upande wa kitasa. Kama skrubu inazunguka haikazi, chomoa, jaza tundu na njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, vunja zinazozidi, acha ikauke urudishe skrubu ile ile. Halafu piga kioo uangalie ukingo wa chini wa mlango, nakuhakikishia haujapigwa rangi, mafundi wanapaka panapoonekana tu. Maji ya kuogea yanapandia hapo. Ngoja kiangazi ukauke ndio uchomoe upake.

Na kama una ndugu huku upande wa bahari, skrubu za kawaida zinakufa kwa chumvi, nunueni za steinlesi hata kama ni chache. Bawaba zangu za dirisha la jikoni zilioza mwaka mmoja na nusu.

betri_full

Mbona mnamzungusha jamaa. Mkuu nunua drili ya betri, full stop. Umeme ukikatika unafanya kazi, hamna waya wa kukanyaga, na ile betri baadae unaivalisha kwenye taa, grinda, feni, jigsoo, kampuni hiyo hiyo betri moja. Chukua ya volti 20 sio 18.

msumari_mweusi

Betri_full ya 20 na ya 18 ni betri moja baba. Ndani kuna seli tano zimeungana, zikiwa zimejaa kila moja ina volti 4 na kidogo jumla kama 20, zikianza kazi kila moja inakaa kwenye 3.6 jumla 18. Mwenye duka anaandika ile inayouza. Betri ni nzuri mi mwenyewe ninayo, kwa skrubu na mbao na alumini haina mpinzani, ila kama ukuta ni ule ninaoufikiria itakufa mikononi mwake. Zipo za betri zinazoweza zege ila bei yake laki mbili ya mtoa mada inaishia kwenye betri na chaja.

Tunasubiri vipimo.

Mpangaji Mstaafu

Wakuu nimepima. Matundu yote manne sentimita 2, moja hata 2 haifiki. Fisha zilitoka na skrubu zake, na nimeziokota nyuma ya kochi, MBILI ZIMEKATWA NA KISU. Yani fisha imekatwa nusu. Sijui niseme nini.

Dada wa Kigamboni nimepiga kioo chini ya mlango kama ulivyosema. Mbao mbichi. Hamna hata praima.

msumari_mweusi

Nilijua.

Mkuu hiyo plasta yako peke yake ni sentimita moja na nusu mpaka mbili. Fisha zako zote zilikuwa zimekaa ndani ya plasta tu, hazijawahi kugusa ukuta. Sasa kwa nini, fundi wako hakuwa mvivu, alikutana na lenta. Fimbo ya pazia watu wanaifunga inchi tatu nne juu ya dirisha na hapo ndipo lenta ilipo, zege na kokoto na nondo ndani, sio tofali. Yeye alikuja na drili ya kawaida, akapiga plasta ikaingia kama siagi, akagonga zege ikagoma, akasukuma mpaka biti (kile chuma cha kutobolea) ikawa ya bluu, akaona jua linazama, akachukua kisu akafupisha fisha ili skrubu ionekane imezama. Nimefanya kazi na vijana wa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mmoja wao.

Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo, ile nyundo yake ni visahani viwili vyenye meno vinarukiana, inapiga haraka sana lakini kidogo kidogo, na nguvu ya kusukuma ni bega lako. Kwenye tofali inatosha kabisa. Rotari hama ni kitu kingine, ndani kuna pistoni inasukuma hewa, hewa inarusha kichuma kinachopiga biti kwa nyuma, we unashikilia tu isikimbie. Biti zake shina lina mifereji linaitwa SDS plus, haliingii kwenye drili ya kawaida, kwa hiyo msije mkanunua biti kwanza. Nguvu yake inaandikwa kwa jouli, kwa nyumbani 2 mpaka 3 inatosha kabisa.

Ila usiinunue! Lenta utaitoboa mara ngapi maishani, madirisha sita matundu mawili matatu kila moja, siku moja imeisha. Kodi kwa siku kwa watu wa welding au wale wa AC, wote wanazo. Drili ya kununua ni hiyo ya kawaida ya waya yenye mdomo wa milimita 13 na swichi ya nyundo ya kuzima na kuwasha, itakufaa miaka.

Utaratibu sasa. Fisha ya 8 inataka biti ya 8, usipanue, mtu akikwambia piga 10 "ili iingie vizuri" mfukuze. Fisha ina milimita 40 basi tundu liwe 50, na hiyo 40 ihesabu baada ya plasta, kwa hiyo biti yako iingie kama sentimita 7. Zungushia selotepu kwenye biti hapo kwenye 7 ndio alama yako. Vumbi likae nje sio ndani, pulizia na mrija wa soda umefumba macho, fisha kwenye vumbi haishiki. Ukisikia mlio umebadilika ukawa wa kengele na unga unatoka unang'aa umegonga nondo, usishindane nayo, sogea sentimita tatu. Na usitoboe wima juu wala chini ya soketi au swichi, waya zinapita humo humo kwenda darini.

Soketi inayocheza ni skrubu mbili tu lakini ZIMA MENI SWICHI. Tesita ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina moto iwake, ndio uzime, ndio upime unayotaka kufungua. Tesita mbovu haiwaki popote na we utafikiri uko salama.

Halafu kitu cha kuwafurahisha, fisha ni jina la mtu, Artur Fischer, Mjerumani, ndio alitengeneza hiyo ya plastiki mwaka 1958. Kabla yake kulikuwa na za yule Mwingereza Rawlings toka 1911, ndio maana wazee wengine bado wanasema rolplagi. Angeiona iliyokatwa na kisu angelia.

Kisauni Yetu

Salaam ndugu zangu wa Bara na Visiwani, mimi nawasoma kutoka Mombasa nikaona nitie neno.

Ukuta si mmoja. Hapa kwetu nyumba nyingi za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukienda na hiyo rotari yenu yapiga tundu la sahani, mawe yamung'unyika. Hapa wazima nyundo kabisa, wazungusha pole pole na biti kali, na fisha watia ndefu. Nadhani hata tofali zenu zile ambazo mtu amevuta mfuko mmoja wa simiti akatoa tofali chungu nzima, dawa ni hiyo hiyo, zima nyundo. Ukiona unga watoka kama mchanga wa pwani jua hapo nyundo yaharibu tu.

La pili ni hizi drili za kuletewa. Shemeji yangu yuko Muscat aliniletea moja, nikachomeka hapa kama nilivyo, kule umeme na plagi ni sawa na zetu. Nikaona mambo ni hivyo tu. Basi mwanangu wa Marekani naye akaniletea yake, nzuri ajabu, imenona, nikaifungia adapta ya plagi nikachomeka. Ililia kama pikipiki, moshi, basi. Kule ni volti 120, adapta yabadilisha miguu tu haibadilishi umeme. Yataka transfoma, na transfoma ni nzito kuliko drili. Na za mtumba za Japani ndio mbaya zaidi hizo ni 100. Someni kibati cha pembeni kabla ya bei.

Bwana Kijiko

"Adapta yabadilisha miguu tu" 😂😂 mzee umeniua

Kidole Tisa

Mtoa mada uliuliza grinda na wote wamepita, mi sipiti, jina langu humu mnalijua sababu yake.

Kwa kazi ulizotaja huna haja na grinda. Msumeno wa chuma unakata fimbo ya pazia vizuri tu, jasho kidogo. Ukija kuinunua chukua ndogo ya inchi 4 na nusu na ile kava ya diski isitoke. Fundi wengi hapa mjini wanaitoa siku ya kwanza wanasema inazuia, mi niliitoa vile vile, nikataka kukata ubao nikavalisha diski ya meno ya mbao. Ile kitu inazunguka kama mara elfu 11 kwa dakika, meno yakidaka fundo la mbao grinda haisimami, inarudi kwako. Sikusikia maumivu, niliona tu.

Na wale wanaotoa kava ili waingize diski kubwa ya grinda ya inchi 9, soma iliyoandikwa kwenye diski, ile kubwa mwisho wake ni elfu sita na kitu kwa dakika, we unaizungusha elfu 11, inapasuka. Diski za kukatia zina mpaka tarehe ya kuisha, imegongwa kwenye karingi ka chuma ka katikati, mwezi na mwaka. Dukani geuza usome. Miwani ya macho pia, hata kwa drili ya juu ya kichwa.

Hilo tu.

Mama Wawili Kgb

Pole sana kaka.

Mtoa mada ongeza ngazi kwenye hesabu, usipande kiti juu ya meza. Ya kuegemea, miguu itoke ukutani robo ya urefu inakoegemea, mita nne juu basi mita moja nje. Na weka jina juu yake kwa rangi, majirani wakishajua una ngazi imekwisha hiyo. Yangu iko nyumba ya tatu toka Idi.

betri_full

Mi nimenyoosha mikono kwenye lenta. Ila kwa skrubu bado betri.

Mpangaji Mstaafu

Wakuu nimerudi na mrejesho maana najua humu watu wanaulizaga halafu wanapotea.

Boksi sikununua, jamaa aliniona akashuka mpaka 80 bila hata kuongea nikaogopa zaidi. Nimechukua futi, pima maji, tesita, plaizi, spana malaya, bisibisi nne (niliangalia suruali za wateja kwanza), nyundo, msumeno, na drili ya waya mdomo wa 13. Ngazi nimemaliza hela, nimechonga ya mbao na jirani.

Bomba: lilikuwa la washa. Nilisahau kuziba tundu la sinki. Dada usinicheke, ilibidi nifungue ile trapu ya chini nikaikuta skrubu pamoja na kijiko ambacho mke wangu alimsingizia dada wa kazi. Sa hivi halidondoshi hata tone, usiku nalala nasikiliza kimya.

Soketi imekaza, meni nilizima, tesita nilijaribu kama ulivyosema. Mlango nimeweka njiti na gundi unafunga, chini ntapaka kiangazi.

Sasa pazia. Jamaa wa welding wa hapa senta rotari yake ilikuwa site, akasema Jumatatu, na mama mkwe anaingia Jumapili. Sikuweza kumpokea mama mkwe kwenye sebule yenye kanga dirishani. Nikakaa nikafikiria, lenta ina mwisho wake, juu yake kuna kozi za tofali kabla ya dari, si nipande juu. Nikagonga gonga na nyundo nikatoboa kidogo na drili, nikiona unga wa kijivu mgumu bado lenta, nikapanda, unga ukawa wa mchanga, hapo hapo. Nyundo nikaizima kama alivyosema mzee wa Kisauni, fisha nimeweka 10 ndefu, selotepu kwenye biti, nimepulizia mrija, pima maji katikati. Nimening'inia mwenyewe kwa mikono miwili kilo 78, haijatikisika.

Mke wangu akaja na pazia tukalivalisha, tukarudi nyuma kuangalia. Wakuu, nilipandisha sentimita 26. Pazia limekuwa kaptula. Linaishia juu ya magoti na dirisha langu ni lile refu, ukikaa nje unaona miguu ya watu waliokaa kwenye kochi tu.

Mama mkwe alifika, akaangalia, hakusema kitu, akauliza kama kitambaa kilipungua dukani.

Fundi cherehani wa hapa mtaani kuunga kipande chini mapazia yote mawili anataka elfu ishirini, na nimletee uzi. Naulizeni wakuu, cherehani ya kuanzia ni ipi?